Usije Kunichukua, Shangazi

14 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ajili ya wiki zote nilizokaa kimya. Masikio yanaendeleaje? Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho nilikuambia nimepata wateja wapya, wewe ukasikia nimepata watoto pacha, ukaanza kulia kabla sijamaliza sentensi. Miaka thelathini na moja katikati ya vyerehani vya kiwanda si mchezo. Acha tuandikiane.

Nisalimie binamu yangu fundi bomba na mkewe. Amejifungua? Mwambie kama ni wa kike, nywele zake za kwanza nitazisuka mimi, asimpe mtu mwingine.

Sasa, shangazi, kaa kwanza. Umekaa?

Tarehe kumi na tisa Januari nilianguka. Unajua saluni yetu iko ghorofani, juu ya duka la rangi. Nilitoka kwenye kibaraza cha nyuma kuanika taulo, nikaegemea reli, reli ikang'oka, nikaenda nayo hadi chini kwenye saruji. Kichwa kizima. Mikono mizima, vidole vyote kumi vipo na vinafanya kazi, kama unavyoona mwandiko. Kilichoumia ni mgongo. Wamenifanyia upasuaji na kuweka vyuma viwili. Nimetoka hospitali wiki iliyopita.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nimelala chali, na kalamu ukiielekeza juu haiandiki. Naendelea vizuri. Nipo nyumbani, kwenye vile vyumba viwili ninavyoishi na Mrefu, msusi mwenzangu, yule uliyesema kwenye picha anafanana na nguzo ya umeme. Bosi, mwenye saluni, anakuja kila siku. Kinyozi wa mlango wa pili naye hakosi. Nimezungukwa na watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, presha iko pale pale, dawa nakunywa. Mke wa binamu yako amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, kipara kabisa. Utasubiri sana.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikaisoma nimesimama, kisha nikatembea nayo nyumba nzima. Kalamu ukiielekeza juu haiandiki. Sawa. Na hao watu waliokuzunguka, hakuna hata mmoja mwenye kalamu inayoelekea chini? Miezi miwili, mwanangu! Nimekaa hapa nikipiga deki na kuimba, na wewe unachanwa mgongo.

Kazi yangu unaijua. Shati likipita mbele yangu mezani, sitazami pale palipoandikwa "zuri." Natazama pindo. Na barua yako ina pindo bovu. Kwa hiyo nauliza maswali matatu na ninataka majibu matatu.

La kwanza, miguu. Kichwa umekitaja, mikono umeitaja, mpaka vidole umehesabu. Miguu hukuitaja. Unaihisi? Daktari anasemaje kuhusu kutembea?

La pili, nani anakuosha? Na huyo kinyozi asiyekosa anafanya nini humo ndani? Ana mke?

La tatu, reli ya nyumba ya watu inang'okaje, na mwenye nyumba yuko wapi?

Marafiki ni watu wazuri wa kucheka nao, sikatai. Lakini mgonjwa ni wa kwao. Kaka yangu aliponiachia wewe, ulikuwa na miaka minne na kiatu kimoja. Sikumwita rafiki yeyote anisaidie kukulea, na sitaanza sasa. Chumba cha nyuma nimeanza kukipaka rangi. Jumanne, ilipofika saa nne asubuhi, ukuta wa kwanza ulikuwa umekwisha. Nimechagua kijani kile cha majani machanga, kinatuliza macho. Dirisha linafunguka vizuri. Nitakuja kukuchukua.

Shangazi yako


28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hongereni kwa kipara. Kilo tatu na nusu, huyo akikua atakuwa mbeba mabomba wa baba yake.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mwezi huu umekuwa na kazi nyingi, ingawa mtu angeniona angedhani nimelala tu. Kumbe kulala kuna kazi. Kila saa mbili nageuzwa: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Ngozi ikikandamizwa mahali pamoja muda mrefu inakufa, na mimi siwezi kujua kwa sababu hainiambii kitu. Mrefu anageuza usiku, Bosi anageuza asubuhi, mchana anakuja mke wa Kinyozi. Ndiyo, ana mke, na mke ana mikono kama ya mcheza mieleka. Wameandika ratiba kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani, na Bosi ameweka mlio kwenye simu yake, ukilia anaacha kichwa cha mteja nusu nusu na kukimbia. Kuna wateja wawili wametoka saluni na upande mmoja tu. Wamerudi kesho yake, hawakununa.

Anayeniosha ni Mrefu. Mpira wa mkojo ananibadilishia mke wa Kinyozi, muuguzi alimfundisha hospitali mpaka akaweza. Kinyozi mwenyewe kazi yake ni kuninyanyua kunitoa kitandani na kunirudisha. Kabla ya kuninyanyua husema "Abiria tayari?" na mimi sharti nijibu "Tayari," la sivyo haanzi.

Mwenye nyumba alikuja hospitali mara moja na matunda. Tangu hapo hajaonekana. Reli mpya ameweka.

Mara tatu kwa wiki napelekwa mazoezi. Mwalimu wa mazoezi ni mama mfupi mwenye sauti ya kondakta. Ananifundisha kujisukuma, kujinyanyua kwa mikono, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Mabega yangu yamekuwa ya mwanajeshi.

Usije kunichukua, shangazi. Nakuomba. Niko mahali pangu.

Na mimi nina swali moja. Jumanne saa nne asubuhi ulikuwa nyumbani unapaka rangi. Tangu lini? Miaka yote hiyo Jumanne saa nne ulikuwa mezani na rundo la mashati.

Mwanao


15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tupo. Mvua imeharibu paa la jikoni, binamu yako amelitengeneza vizuri kuliko nilivyotarajia kwa fundi bomba.

Ndani ya kifurushi hiki kuna magauni mawili ya kulalia. Nimeyashona mwenyewe, yanafungukia nyuma mpaka chini, ili wanaokugeuza wasikuvute vute. Mshono umewekwa pembeni, hakuna utakaolaliwa. Mpe huyo Mrefu ayaangalie, aniambie kama yanahitaji kupunguzwa.

Nilikuuliza maswali matatu. Umejibu mawili.

Sasa sikia jambo ambalo sijawahi kukuambia, kwa sababu ulikuwa mtoto. Mume wangu alipougua figo, wewe ulikuwa na miaka kumi na moja. Wiki ya kwanza viatu vilijaa mlangoni hadi nikakosa pa kukanyaga. Wenzake wa kazini, wenzangu wa kiwandani, majirani, kila mtu na kikapu. Kila mtu akasema, tuko pamoja. Wiki ya nne nikafungua mlango asubuhi nikakuta viatu vyangu na vyako tu. Aliugua miezi kumi na tano, mwanangu. Hawakuwa watu wabaya. Walichoka. Walikuwa na kwao.

Wewe sasa uko mwezi wa nne. Nakujua, utasema hawa wa kwako ni tofauti. Hata mimi nilisema hivyo.

Mwezi wa sita nakuja. Chumba kimekauka.

Shangazi yako


20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Magauni yamefika, yamenikaa kama nimepimwa. Mrefu amesema fundi aliyeyashona aje afundishe hospitali nzima.

Usije. Nimeandika neno hilo kwa herufi kubwa mara tatu nikachana karatasi, kwa sababu wewe si mtu wa kuandikiwa hivyo. Nalirudia kwa adabu: usije bado. Lakini ili usije, naona lazima nikuambie mambo ambayo nilikuwa nayaruka.

Barua yako ya viatu ilinikuta vibaya. Mwezi wa tano wote nilikuwa vibaya. Nilikuwa nimechoka kunyanyuliwa kama gunia, nimechoka kunuka dawa. Nikaanza kukataa kugeuzwa. Nasema nimelala, au nasema nimeshageuzwa na mwingine. Wiki mbili nimewadanganya hivyo, na kidonda kikafunguka chini kabisa ya mgongo.

Siku Mrefu alipokigundua aliingia na beseni la maji. Nikamwambia, "Toka."

"Nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu pia."

Nikamrushia kikombe. Hakikumpata. Kilipiga ukuta, chai ikachuruzika kwenye ile ratiba nyekundu. Akaweka beseni chini, akatoka, nikasikia mlango unafungwa. Nikajisemea, haya, shangazi alijua. Viatu vimeanza kuondoka. Nikuambie ukweli, nilifurahi kidogo. Nilitaka iishe.

Haikupita nusu saa akarudi na Bosi na Kinyozi. Nilijiandaa kwa pole au kwa mahubiri. Hakuna. Kinyozi aligeukia dirishani akatupa mgongo. Bosi akanifunua, akapiga picha kwa simu, akaniletea mbele ya macho. Shangazi, kilikuwa na upana wa kifuniko cha soda, na ndani cheusi.

"Huu ndio mgongo wako," Bosi akasema. "Wenyewe hauna sauti. Kwa hiyo sisi tutapiga kelele kwa niaba yake, na wewe utanyamaza."

Nikalia. Nikasema, "Mtachoka tu. Kila mtu huchoka."

Kinyozi akajibu akiwa bado anatazama nje, "Tumeshachoka. Mimi nilichoka mwezi wa pili. Haya, geuka."

Sikujua nicheke au nilie zaidi. Nikageuka. Tangu siku hiyo sijadanganya mtu. Kidonda kimechukua wiki nne na sasa kimebaki alama.

Nilipoanza kukaa vizuri, nikagundua walikuwa na njama. Mwenye duka la rangi alikuwa anahama, na Bosi alishazungumza naye zamani. Wameishusha saluni chini, shangazi. Masinki mawili, draya tatu, vioo, kila kitu kimeshuka ngazi mikononi mwao siku mbili za Jumapili. Mlangoni kulikuwa na ngazi mbili, Kinyozi akamwaga saruji ya mteremko. Wa kwanza ulikuwa mkali mno. Nilipanda nusu nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani, mwuza magazeti akanidaka. Kinyozi akachukua nyundo akauvunja, akaumwaga upya mrefu mara mbili.

Nikadhani sasa mambo yamekwisha, maana msusi anahitaji nini zaidi ya vidole? Mteja wangu wa kwanza akaketi mbele yangu kwenye kigoda. Nikainua mikono miwili, nikaanguka mbele kama mlango. Kichwa changu juu ya kichwa chake. Akauliza, "Dada, umelala?" Kumbe misuli ya tumbo na mgongo ndiyo inayokushika wima unapoinua mikono, na yangu haipo kazini. Mkono mmoja naweza, mwingine lazima ushike kiti. Na hakuna mtu duniani anayesuka kwa mkono mmoja.

Wiki nzima nilisuka kichwa cha plastiki. Mrefu alinifunga kifuani kwa shuka, ikateleza. Tukajaribu mkanda wa suruali, ukanikata pumzi. Mwishowe Kinyozi akaenda kwa wauza vyuma chakavu akaniletea mkanda wa kiti cha gari, tukaufunga nyuma ya kiti changu na kupitisha chini ya kifua. Sasa nainua mikono yote. Siku ya kwanza nilisuka mistari miwili kwa saa nzima. Wiki hii nimesuka vichwa sita.

Na sasa swali lako la kwanza. Daktari alinijibu tarehe kumi na moja Februari, na sijaliandika mahali popote mpaka leo. Neva za ndani ya uti wa mgongo zimekatika chini ya kifua. Miguu siihisi. Sitatembea.

Nimeandika.

Swali langu la Jumanne hujalijibu.

Mwanao


2 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sijapata hata mstari. Binamu nimemtumia ujumbe, anasema uko salama, ila anasema hivyo kwa namna ya mtu aliyekatazwa kusema. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama umeumia, niambie. Mimi nimeshakuambia langu kubwa, hakuna kubwa zaidi nililolificha.

Kazi inaenda. Nimeanza kwenda saluni mwenyewe bila kusukumwa, mita mia nne, vituo viwili vya kupumzika.

Mwanao


3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama, basi halikuharibika. Mtoto wa binamu yako ameota nywele tatu.

Siku zile kumi nilizokaa kwenu tulisema mengi, lakini wewe unajua mimi na maneno ya mdomo. Nusu siyasikii, nusu nyingine nayasikia vibaya. Kwa hiyo naandika yale ambayo sikuyasema.

Barua yako ya Juni niliikunja nikaiweka ndani ya kabati la vyombo, na kila nilipotaka sahani nikaikuta. Sikuweza kujibu. Ningeandika nini? Nikaona nije bila kukuandikia, maana ungesema usije kwa mara ya nne. Nilikuja na begi kubwa tupu la nguo zako. Nilikuwa nimeshampanga dereva wa kutuchukua, mimi na wewe.

Ulidhani nilifika saa tano na nusu. Nilifika saa tano kamili. Nusu saa nilisimama nje, ng'ambo ya mlango, pembeni ya yule mwuza magazeti, nikawatazama. Nilikuwa nakagua, ndiyo. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Ulikuwa unamsuka mama mmoja mnene. Chanuo likakuponyoka likaanguka. Nikajikuta nimeshapiga hatua moja nije nikuokotee. Mrefu alikuwa karibu nawe kuliko wote, hakuinuka. Kinyozi amesimama pale na kikombe chake cha chai, hakuinama. Moyo ukaniwaka. Nikasema, ndio hawa marafiki zake! Nikakunja mikono ya gauni, nikawa nakuja kuwasema mmoja mmoja.

Kabla sijavuka, nikakuona umechomoa kijiti chenye ndoano pembeni ya kiti, ukalivuta chanuo, ukalipandisha, ukaendelea na hadithi uliyokuwa unasimulia. Wala hukukatisha sentensi. Hakuna aliyekutazama. Wote walikuwa wanasubiri hadithi iishe, na ilipoisha wakaangua kicheko mpaka mama mnene akashika mbavu.

Mimi ningekuokotea, mwanangu. Ningekuokotea chanuo kila siku katika chumba kile cha kijani mpaka ufikishe miaka sitini.

Ndiyo sababu nilirudi pembeni ya magazeti nikasimama tena. Macho yalikuwa na maji na sikutaka Mrefu aniite nguzo ya umeme inayovuja.

Siku ya tano, wakati wewe uko mazoezini, nilimsaidia Bosi kukunja taulo. Nikamwuliza waziwazi, kwa nini unamfanyia mwanangu haya yote? Akakunja taulo nne kwanza. Kisha akasema, "Siku ile kuanika ilikuwa kazi yangu." Nikamwuliza, kwa hiyo ni hatia? Akasema, "Mwanzo, ndiyo. Hatia ilinipeleka hospitali wiki mbili. Baada ya hapo nilikuwa naenda kwa ajili ya umbea. Hakuna anayejua umbea wa mtaa huu kama yeye, na amelala chali!" Tukacheka. Akaniomba nisikuambie habari ya taulo. Nakuambia, kwa sababu umri wangu sasa hauruhusu kutunza siri za watu wengine juu ya zangu.

Mstari wa nane kutoka kushoto, kichwani mwangu, umepinda. Nimekagua kwa vioo viwili. Jirani zangu wote wamesifu, nikawaonyesha pia huo uliopinda, nikawaambia aliyenisuka amefungwa kwa mkanda wa gari na amekaa saa tatu na nusu bila kulalamika, wakati mimi nililalamika mara kumi na mbili.

Sasa Jumanne. Kiwanda kilinistaafisha Desemba. Walinipigia makofi, wakanipa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata nilivaa nguo za kazi nikafika hadi getini ndipo nikakumbuka. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia nini? Kwamba nashinda hapa nasikiliza friji, na hata hiyo siisikii vizuri? Ulipoandika kuwa umeanguka nililia, na chini ya kilio kile, Mungu anisamehe, kulikuwa na kitu kama furaha. Nikajiambia, nina kazi tena. Ndiyo maana rangi ile ilikwenda haraka vile.

Sikuchukui tena. Begi nimerudi nalo tupu, dereva nimemwomba radhi. Lakini chumba kipo, ukija kama mgeni.

Shangazi yako


6 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo, na safari hii naitamka kwa kupiga magoti, ingawa magoti yenyewe hayana habari.

Barua yako nimeisoma mahali pa peke yangu. Sina la kukusamehe, na usimsumbue Mungu kwa jambo dogo kama hilo. Kama ningestaafishwa mimi, mtu akaniletea kichwa cha kusuka, ningefurahi hata kama mwenye kichwa analia.

Habari ya taulo niliijua tangu siku ile. Bosi alikuwa anakula, nikamwambia maliza chakula chako, mimi nitaanika. Hajawahi kulitaja, na mimi sijawahi. Jana nimemwambia. Nimemwambia, "Nilikwenda kwa miguu yangu, kwa hiari yangu, usijibebeshe." Akasema macho yake yanawashwa na dawa ya nywele, akatoka nje. Hatukuwa tumefungua chupa yoyote ya dawa.

Ule mstari wa nane nautambua. Wewe ulipiga chafya.

Desemba saluni inafungwa wiki mbili. Nitakuja kukaa kwako wiki hizo, na Mrefu atanisindikiza. Nimekwisha uliza kituo cha basi, watanipakia. Nimemwambia binamu apime upana wa mlango wa choo chako, sentimita sabini zinatosha. Na usiwe na siku nyingi za kusikiliza friji hapo katikati. Mwalimu wangu wa mazoezi ameyaona yale magauni, ameuliza kama aliyeyashona anaweza kushona kumi kwa wodi yao, na awafundishe mafundi wawili wa hapa. Nimemwambia fundi huyo ni mkali, hapokei mshono uliokaa vibaya. Akasema ndiye anayemtaka. Ukikubali, mwandikie moja kwa moja. Usimpigie simu, tafadhali.

Sasa nikusimulie jambo la juzi, kisha nifunge.

Mwalimu huyo huyo aliniomba nipande wodini nikazungumze na mgonjwa mpya. Ni mama wa makamo, mpima ardhi, ameporomoka mlimani na vifaa vyake vya kupimia. Ana wiki tatu. Amekataa mazoezi, amekataa chakula, analala ameelekea ukutani. Mwalimu alifungua mlango akaniacha. Nikasukuma kiti mpaka kando ya kitanda, nikafunga breki. Hakugeuka.

Nikamsalimu. Nikamwambia mimi ni msusi, nilianguka kutoka ghorofani, sihisi kitu kuanzia hapa kifuani kwenda chini. Akavuta shuka hadi shingoni. Sikuwa na hotuba, shangazi. Nikakaa. Nikatoa nyuzi zangu mfukoni nikaanza kusuka msuko wa bure, mikono isikae bila kazi. Ikapita robo saa nzima.

Halafu akauliza, akiwa bado ameelekea ukutani, "Nani anakugeuza?"

"Siku hizi najigeuza mwenyewe. Zamani walinigeuza marafiki."

"Mimi sina watu hapa. Ndugu zangu wako mbali, nao wana yao."

Sikumbishia. Ni kweli wako mbali. Nikaendelea na uzi wangu. Baadaye akageuza kichwa, kichwa tu, akaniangalia kwa ukali ule wa mtu aliyezoea kuuliza maswali yeye. Akatazama kiti, akatazama mikono yangu, akatazama uso.

"Na wewe ni nani yangu?"

"Bado si mtu wako," nikamwambia. "Tumeonana leo tu. Keshokutwa saa nane nakuja tena."

Mwanao